Kijana wangu ana usonji, anaingia chuo Iringa. Shuleni kulikuwa na kengele. Chuoni je?

#1 Fundi_Mwanjelwa, 9 Septemba

Wakuu habari za usiku, na wakubwa wangu wote shikamooni.

Nina duka la vyuma na rangi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kuandika si kazi yangu, mtanivumilia nikizunguka.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 20. Kamaliza kidato cha sita mwezi wa tano, PGM (fizikia, jiografia na hisabati), kapata daraja la pili, na wiki hii majina yametoka, kachaguliwa chuo kimoja Iringa. Ana usonji. Tuliambiwa akiwa darasa la tano, Dar, baada ya miaka ya kuambiwa mengine: kalogwa, ana mapepo, anajifanya, mama yake alikula nini akiwa mjamzito. Hayo yamepita.

Sekondari yote alisoma bweni. Ndugu walinishangaa, mtoto wa hivi unampelekaje bweni? Nami niliogopa. Kumbe bweni ndilo lililomfaa. Kengele ya kuamka, ya usafi, ya paredi, ya darasa, ya chakula, ya prepo, ya kulala. Wiki mbili za kwanza aliteseka, baada ya hapo akawa yeye ndiye saa, wenzake walikuwa wanamuuliza imebaki dakika ngapi. Mwalimu mmoja wa malezi alimwelewa, akamruhusu kuchukua chakula dakika kumi kabla ya wenzake, maana kelele za bwalo zinamfanya azibe masikio na kuondoka bila kula. Tendo dogo, miaka miwili ya amani.

Juzi nilikuwa na mzigo wa kufuata Iringa, nikapita chuoni kuangalia mazingira. Nikamuuliza mlinzi wa getini, hapa kengele ya asubuhi inagongwa saa ngapi? Alicheka sana. "Mzee, hapa ni chuo. Hapa kila mtu na kengele yake."

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Maswali yangu ni mawili. Nipange chumba Iringa mama yake akakae naye muhula wa kwanza? Na je, chuo tukiambie au tunyamaze? Mwenyewe hataki kiambiwe. (Habari ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, tulishaimaliza kwa barua ya daktari, msinirudishe huko. Tangazo lao linawaelekeza kambi ya Ruvu wenye ulemavu wa kuonekana kwa macho. Wa kwangu hauonekani, ndiyo shida ya huu ulemavu.)

#2 Mnyalukolo_Halisi

Kamwene mzee! Karibu Iringa, watu wetu wapole. Mnunulie sweta zito tu, upepo wa huku hauulizi una ugonjwa gani.

#3 Chuma_Chakavu

Mzee nakuheshimu, ila wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Ana daraja la pili! Wa kwangu mzima wa afya, kaleta sifuri. Miaka 20 mtu anamfuata mama yake chuoni? Muache apambane, dunia itamfundisha.

#4 Fundi_Mwanjelwa

Hiyo methali naijua, nilianza kuambiwa akiwa na miaka mitatu. Akilia sio kwamba namuonea huruma, mkuu. Akifika pale pa kulia anakuwa hasikii tena unachomwambia. Sasa dunia itamfundisha vipi?

#5 Mwalimu_Mstaafu_Rungwe

Bwana Fundi, nimefundisha miaka 34, nikuambie tofauti nilivyoiona.

Shuleni mwalimu ndiye humfuata mwanafunzi. Asipoonekana darasani ataulizwa, asipokula matroni atajua. Hata Baraza la Mitihani lina utaratibu: mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, na kazi ya kupeleka taarifa zake huwa ya shule. Mtoto hajui hata nani aliandika barua.

Chuoni mwanafunzi ndiye hufuata. Faili lake halihami kutoka shule kwenda chuo. Ile ruhusa ya kutangulia kula imebaki kichwani mwa yule mwalimu wa malezi. Nenda kabla hajahamishwa kituo, mwombe aiandike kwenye karatasi yenye muhuri: tulifanya hili na hili, likasaidia. Sisi walimu huwa hatuandiki mambo mazuri tunayoyafanya. Tunaandika adhabu tu.

#6 Mama_wa_Tukuyu

Baba, ugonile. Mimi nakuja na upande wa pili, usinione navunja moyo.

Binti yangu alikwenda chuo mbali, sitakitaja. Yeye ni mkimya, ana tabasamu, akikaa na wenzake anawaiga wanavyocheka. Ukimwona huwezi kudhani. Hatukumwambia mtu, tukasema kashatulia. Wiki ya sita mwenzake wa chumbani akanipigia: mama, huyu hali. Kumbe kafeteria ilikuwa na foleni mbili na hakuna aliyemwonyesha ya kulipia ni ipi na ya kuchukulia ni ipi. Siku ya kwanza alisimama kwenye ile siyo, wakamfokea, hakurudi tena. Alikuwa anaishi kwa biskuti na maji. Nilipomfuata sikumtambua.

Watu wakasema chuo kimemshinda. Chuo hakikumshinda, alikuwa anafaulu majaribio! Kilichomshinda ni foleni ya wali.

Sasa hivi anasoma stashahada ya kilimo, anakaa kwa mama yake mdogo Uyole, anakwenda kwa miguu na kurudi. Ana furaha, anapenda udongo na vipimo vyake. Kwa hiyo msione ni lazima iwe digrii na lazima iwe hosteli. Ila wa kwako kama amelitaka mwenyewe, basi mwonyeshe foleni. Kweli baba, mpeleke akaione foleni kwa macho.

#7 Mwaka_wa_Tatu

Shikamoo mzee. Mimi nina usonji, niko mwaka wa tatu hapa Mbeya. Nimesoma uzi wote mara mbili. Nikikosa adabu mahali si makusudi, huwa naambiwa naandika kama risiti.

Mwaka wa kwanza kilichonipiga ni muda mtupu, masomo yenyewe hayakuwa shida. Jumatatu nilikuwa na kipindi saa mbili mpaka saa nne asubuhi, kingine saa kumi jioni. Katikati hapo hakuna kitu. Shuleni hakuna saa isiyo na jina. Nilikaa kwenye benchi moja saa sita kwa wiki tano mfululizo. Watu walidhani nasubiri mtu.

Pili, ratiba. Inabandikwa, halafu inabadilishwa kwenye grupu la WhatsApp saa tano usiku, katikati ya meseji mia tatu za vichekesho na za Simba na Yanga. Nilikosa jaribio kwa sababu ukumbi ulihama na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukumbi ulioandikwa. Nilikaa peke yangu saa nzima nikijua wao ndio wamechelewa. Baadaye nikaongea na CR wetu (kiongozi wa darasa), tukakubaliana mabadiliko ya ukumbi ananitumia mimi moja kwa moja, mstari mmoja. Hajawahi kusahau. Ukimwomba mtu kitu kidogo na cha wazi anakifanya, ukimwambia "nisaidie" anaogopa.

Tatu, maneno ya wahadhiri. "Njoo ofisini muda wowote." Nilikwenda saa kumi na mbili asubuhi. "Someni sura ya tatu mpate picha." Nikatafuta picha.

Kazi za vikundi: wanagawana kwa mdomo, wote wanaongea. Ya kwanza niliifanya yote peke yangu maana sikujua kipande changu ni kipi. Siku hizi nasema mwanzoni, kipande changu niandikieni. Wananipenda sasa, kwa sababu mimi nawahi.

Taa za tyubu zinavuma, ninyi hamsikii. Nakaa karibu na mlango. Kampeni za serikali ya wanafunzi zina spika, wiki hiyo nasomea nje ya chuo. Na kujifanya wa kawaida kutwa nzima kunachosha kuliko kubeba saruji (nimebeba zote mbili). Nikirudi chumbani nalala gizani saa moja bila kuongea. Mwenzangu alidhani naringa mpaka nilipomweleza.

Sasa swali lako mzee. Mama akienda kukaa Iringa, mama ndiye atakuwa kengele. Muhula wa pili akirudi Mbeya, kengele imeondoka tena, na safari hii katikati ya mwaka. Bora aanze kugonga yake sasa hivi, akiwa nyumbani, ambako akikosea anakosa chai tu.

Kuhusu kuwaambia: asiwaambie wote. Mimi niliwaambia watatu, CR, Mshauri wa Wanafunzi na mwenzangu wa chumbani. Huyu wa chumbani sikumtajia hata neno usonji. Nilimwambia "ukitaka kuzima taa niambie kwanza, giza la ghafla linanishtua." Hiyo ilitosha kuishi miaka mitatu. Ila aamue yeye. Ukisema wewe nyuma ya mgongo wake atajua, na hatakuambia kitu tena.

#8 Fundi_Mwanjelwa

Mwanangu, marahaba. Hii nimemsomea mama yake, akaingia chumbani hakutoka nusu saa. Kijana naye nimempa simu asome mwenyewe. Kasema: "Huyu anaandika vizuri." Hajawahi kumsifu mtu.

#9 Mbali_na_Nyumbani

Nawasalimu kutoka Marekani, mzaliwa wa Makambako mimi. Watoto wangu wanasoma huku na mmoja yupo kwenye usonji, nielezee kidogo, maana wengi mnadhani huku mambo yamekwisha.

Shule ya msingi na sekondari huku kuna sheria inaitwa IDEA. Shule ndiyo yenye wajibu wa kumtafuta mtoto, kumpima na kumwandikia mpango wake, na akifikisha miaka 16 mpango huo lazima uwe na sehemu ya maisha baada ya shule. Akihitimu sekondari, sheria hiyo inaishia mlangoni. Chuoni zinashika sheria nyingine za wenye ulemavu, ile ya 1973 na ADA ya 1990, ambazo zinakataza ubaguzi lakini hazimtafuti mtu. Kijana aende mwenyewe kwenye ofisi ya wenye ulemavu, apeleke vyeti, aombe. Na haki ya kumbukumbu zake za masomo imehamia kwake. Mimi nilipiga simu chuoni kwa mwanangu nikaulizwa kwa upole sana, "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Kwa hiyo huo mlango wa Iringa ndio huohuo wa huku. Tofauti ni kwamba huku kuna ofisi yenye kibao. Vijana wengi hawaigongi hata hivyo, kwa sababu miaka yote wazazi ndio waliokuwa wanaongea.

#10 Lekchara_Mpole

Nafundisha chuo kimojawapo nyanda hizi. Nina wanafunzi zaidi ya 300 wa mwaka wa kwanza kwenye somo moja, na nikisema namjua kila mmoja nitakuwa muongo. Sikufundishwa usonji popote, nilichojua ni cha kusoma mwenyewe.

Vyuo vyetu vingi alama 40 zinatokana na kazi za muhula na 60 mtihani wa mwisho. Wanafunzi wa namna hii niliowaona hawapotezi kwenye 60, wanapotezea kwenye 40: jaribio lililohamishwa, wasilisho mbele ya darasa, kazi ya kikundi. Halafu linakuja sapu (mtihani wa marudio) na watu wanasema hana uwezo.

Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ni nzuri, lakini haitaingia darasani kwangu kuniambia kijana wako amekaa safu ipi. Barua inaweza. Nusu ukurasa, aiandike yeye, kwa maneno yake, aipeleke ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi wiki ya kwanza na abaki na nakala kwenye begi. Historia ya hospitali aiache, hatutaisoma. Aandike nini humtokea, nini kinamsaidia, anaomba nini. Na akitaka chumba tulivu cha mtihani aombe mapema. Asubuhi ya mtihani hata mimi mwenye nia njema sina funguo.

Kwa wazazi wa mwakani wanaosoma hapa: fomu ya ulemavu ya Bodi ya Mikopo husainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Usonji hawauoni kwa macho, kwa hiyo nenda na ripoti zote, na usiende siku ya mwisho ya dirisha la maombi.

#11 Chuma_Chakavu

Mawazo yangu sijabadilisha. Ila nina fuso inaenda Iringa Jumamosi ya kufungua chuo. Godoro, ndoo na tranka nitabeba bure. Nicheki pembeni.

#12 Mnyalukolo_Halisi

Hahaha, Chuma umelainika wewe.

#13 Chuma_Chakavu

Fuso inakwenda hata hivyo.

#14 Fundi_Mwanjelwa, 4 Novemba

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wale wa pembeni.

Chumba cha Iringa hatukupanga. Mama yake alikubali kwa shingo upande, akasema sawa, lakini sitamwamsha tena kuanzia kesho. Kweli hakumwamsha. Siku ya kwanza kijana aliamka saa nne, chai imekwisha, akakasirika na dunia nzima. Siku ya tatu akaweka kengele tatu kwenye simu, kila moja ina jina: AMKA, KUNYWA, ONDOKA. Ziko mpaka leo.

Safari ya Iringa tuliifanya mara tatu. Ya kwanza tulikaa kiti kimoja, nikamwonyesha Makambako, Mafinga, stendi ya Igumbilo, bajaji ya kupandisha mjini. Ya pili yeye akakaa mbele mimi nyuma kabisa kama hatujuani. Konda akanidai nauli yake, nikanyamaza, akaidai kwake, akalipa. Ya tatu akaenda peke yake, akala chuoni, akarudi. Mama wa Tukuyu, foleni nimemwonyesha. Kachora na ramani yake.

Lile la muda mtupu kalichukulia moyoni. Ratiba aliyoichora imejaa mpaka Jumapili: maktaba, kufua, kutembea, na Jumatano alasiri kaandika "kukaa". Nikamuuliza kukaa ndiyo nini, akasema ni kukaa, ila sasa kuna jina.

Barua kaandika mwenyewe. Ina sentensi kama "Sipendi kuguswa bega. Si dharau." na "Nikiinama nikazungusha mwili, nisubirini, naongea baadaye." Nilitaka kuirekebisha iwe na adabu zaidi, niweke "kwa heshima na taadhima". Nikaiacha.

Siku ya kuripoti, kila kitu kilikuwa sawa mpaka hosteli. Chumba alichokuwa ameandikiwa mtandaoni kikabadilishwa palepale mlangoni. Cha watu wawili kikawa cha sita. Mimi nilikuwa getini, nimekaa na yule yule mlinzi aliyenicheka. Kwa mbali nikamwona kijana anakaa juu ya tranka, anaanza kuzungusha mwili. Watu wanampita. Nikanyanyuka. Akaniona, akanyoosha mkono hivi, kama askari wa barabarani anayesimamisha gari.

Nikasimama. Dakika arobaini, wakuu. Nimewahi kusubiri watu hospitali lakini si hivyo. Mlinzi akaniletea kiti, hakucheka.

Halafu kijana akafungua begi, akatoa barua, akaingia nayo ndani. Sijui alisema nini, hajaniambia mpaka leo. Alitoka na funguo ya chumba cha wawili, ghorofa ya chini, mwisho wa korido. Akaja getini akaniambia, "Baba, sasa unaweza kwenda, basi la mwisho litakuacha."

#15 Mama_wa_Tukuyu

Ndaga fijo baba. Nalia huku nachambua mboga.

#16 Mwaka_wa_Tatu

Mwisho wa korido ni pazuri, wapita njia wachache. Aangalie tu kama choo kipo jirani, mlango wa choo hupigwa usiku.

#17 Fundi_Mwanjelwa, 22 Februari

Nimeulizwa sana pembeni, najibu hapa mara moja.

Si yote yamenyooka. Somo moja anaelekea sapu, alikataa kabisa kufanya wasilisho mbele ya darasa na hakumwambia mwalimu mapema, kakaa kimya mpaka siku imepita. Mwalimu aliposikia baadaye akasema angempokea ofisini peke yake kama angeombwa. Limeniuma, lakini kuomba ni kwake. Bumu la kwanza (hela ya mkopo ya kujikimu) lilipoingia alinunua vipokea sauti vya masikioni vya bei ambayo mama yake hajatajiwa. Amepungua mwili, ila anakula. CR wao ni binti wa Njombe, anamtumia ukumbi kwa mstari mmoja kama alivyoelekeza Mwaka wa Tatu.

Mwenzake wa chumbani anamwita Injinia. Wanasoma kimya, wanakunywa chai kimya. Nilipiga wiki iliyopita nikasikia wa pili anasema, "Injinia, nazima taa," halafu sekunde kadhaa, halafu swichi.

Mimi kila siku nampigia saa mbili kamili usiku, tangu Novemba. Juzi kanitumia meseji, naibandika kama ilivyo:

"Baba usipige saa 2. Saa 2 ni chai. Piga saa 2 na nusu."

Sasa hivi ni saa mbili na robo. Simu iko juu ya meza.

#18 Mnyalukolo_Halisi

Vumilia mzee, bado kumi na tano.